Buli la Hester na Dohani za Halcyon

Wilf Rimmer alikuwa anamenya viazi vya kitoweo cha siku mbili aliposikia mlango unabishwa, akajua hapo hapo kwamba aliyekuja si mtu wa kwao. Watu wa Mtaa wa Salter, huku Bootle, kando ya bandari ya Liverpool, hawabishi. Wanasukuma mlango, wanaita jina lako, wanakaa. Anayebisha ni padri, mdai kodi au mtu wa ofisi.

Alikuwa mtu wa ofisi. Mwanamke wa miaka thelathini hivi, kofia ya kijivu, daftari kwapani, na viatu visivyo na chembe ya vumbi la makaa.

"Bwana Rimmer? Samahani kukukatiza. Naitwa Enid Pargeter. Nimetoka Kampuni ya Aldersey."

"Naona," alisema Wilf, bado anaviangalia viatu. "Mwenyekiti amekufa?"

"La, jamani! Kwa nini afe?"

"Basi tu. Mtu huwa na matumaini."

Bi Pargeter hakujua acheke au asicheke. Wilf akampisha, akamfutia kiti kwa kiganja. Hakuwa na chuki naye. Chuki yake ilikuwa na anwani, na anwani ile ilikuwa ghorofa ya nne ya jengo la Aldersey, kwenye meza ndefu iliyozungukwa na watu ambao hawajawahi kushika brashi.

Bi Pargeter alieleza alichofuata. Mwezi Juni Kampuni ya Aldersey itamezwa na kampuni kubwa kuliko yenyewe. Kabla ya hapo wakurugenzi wanataka kitabu cha historia: miaka themanini na miwili ya kuvusha abiria kati ya Liverpool na New York.

Wilf hakuhitaji kusomewa historia ile, maana ilikuwa imempitia mgongoni. Mzee Josiah Aldersey alianza na meli mbili za mbao zenye magurudumu ya kupiga maji ubavuni. Alizijaza Waairishi waliokimbia njaa, akawapa uji wa chumvi na nafasi ya kulala isiyotosha mbwa. Babu yake Wilf aliwashusha baadhi yao wakiwa maiti. Kisha zikaja meli za chuma, na mtoto wa mzee akajenga nyumba yenye madirisha arobaini. Kisha vita, na meli yao kubwa, Halcyon, ikabeba askari badala ya wahamiaji. Baada ya vita Amerika ikawafungia wahamiaji mlango. Wale abiria wa chini, walioshibisha tumbo la meli kwa miaka sabini, wakakoma kuja, na wakubwa wakashangaa kana kwamba hawakuwahi kujua ni nani aliyekuwa akiwalisha. Dawa yao ilikuwa nini? Wakachimba bwawa la kuogelea ndani ya meli na kupunguza watu gatini. Sasa mwaka elfu moja mia tisa thelathini na nne, wanauza kila kitu na kujiandikia kitabu cha sifa.

"Kuna ukurasa wa wafanyakazi," alisema Bi Pargeter. "Mmoja tu. Tumekuchagua wewe."

"Mimi?"

"Wewe ndiye mchanganya rangi wa dohani. Wanasema Mto Mersey mzima haujapata kuona jicho kama lako. Abiria walikuwa wakiitambua meli ya Aldersey ikiwa bado maili tano baharini, kwa ile rangi ya mabomba yake ya moshi. Kama ganda la mkate ulioiva vizuri."

Wilf alirudi kwenye viazi vyake. 

"Na Kapteni Strang amekutumia ujumbe," aliendelea. Strang alikuwa msimamizi wa meli zote za kampuni bandarini. "Halcyon itaondoka Jumamosi ya wiki ijayo. Ndiyo safari ya mwisho kwa rangi zetu. Ikirudi, wenye meli wapya watazipaka dohani rangi nyeusi. Kapteni anataka dohani zote tatu zipakwe upya, zing'ae. Anahitaji ndoo ishirini Jumatatu. Halafu, hii nakunong'oneza tu, kampuni mpya inatafuta fundi mkuu wa rangi. Amekuandikia barua ya kukupendekeza. Utakabidhiwa siku hiyo hiyo, mbele ya watu."

Alipoondoka, Wilf alikaa akiitazama rafu juu ya jiko. Pale palikuwa na buli la chai la udongo, mdomo wake umemeguka, halijatiwa chai kwa zaidi ya miaka ishirini. Lilikuwa na rangi. Watu wote walisema lina rangi nzuri. Yeye alikuwa hajawahi kuiona.

Hiyo ndiyo siri aliyokuwa akilala nayo. Wilf Rimmer, jicho la Mersey, alikuwa haoni nyekundu wala kijani. Kwake zote zilikuwa tope, moja jeusi kidogo, jingine jepesi kidogo. Aligundua akiwa baharia kijana, siku alipoitwa kupimwa. Walimwaga vitita vya nyuzi za sufu mezani, wakampa kimoja cha kijani, wakamwambia atoe vyote vinavyofanana nacho. Alitoa vya kijani, vya kahawia, na kimoja chekundu kama damu. Mpimaji alimtazama, akaandika neno moja. Baharia asiyeijua taa nyekundu na ya kijani hawezi kukaa zamu. Nyumbani alisema goti linamsumbua. Aliyeambiwa ukweli ni mkewe tu, Hester.

Mwaka elfu moja mia tisa kumi na moja ghala la kampuni liliungua, na kibao cha mfano wa rangi ya Aldersey kikaungua nacho. Mafundi wakaambiwa atakayeipata tena rangi ile ndiye atakayepewa kazi. Wakati huo Wilf alikuwa anakwangua kutu gatini. Alichukua kipande cha rangi kilichobanduka dohanini, akakitia kwenye kopo lake la tumbaku, akampelekea Hester kama utani. Hester alikigeuzageuza dirishani. Kisha akainua mkono akashusha buli la mama yake.

"Rangi yako hii hapa," alisema. "Nimeishi nayo tangu utoto."

Alichanganya mwenyewe: udongo wa manjano, chembe za nyekundu, unga mweupe wa madini ya risasi, mafuta ya kitani, na maziwa yaliyochacha kidogo. Alifanya hivyo pale dirishani, kati ya saa nne na saa sita, maana alisema mwanga wa saa nyingine ni mwongo. Kesho yake Wilf alipeleka kopo moja. Fundi mkuu aliipaka rangi hiyo kando ya ile ya zamani, na hakuna aliyeona mpaka kati yake. Kazi ikawa yake.

Miaka kumi na tisa. Kila machipuko na kila vuli, unga uliingia mlangoni kwa magunia, na rangi ikatoka kwa mkokoteni. Ofisini waliamini Wilf anachanganyia nyumbani kwa kulinda siri ya ufundi wake. Iliwafaa, maana haikuwagharimu kibanda. Hester alisaga ule unga mweupe kwenye meza ya kulia chakula. Baadaye mikono yake ikaanza kulegea kuanzia kiwiko cha mkono hadi vidole, ufizi ukaingia weusi, tumbo likamkata. Daktari wa kampuni alisema ni mambo ya wanawake wa umri wake. Alikufa mwaka wa thelathini. Alikuwa amemwachia mapipa matatu yaliyokwisha kuchanganywa, yamefungwa kwa nta. La mwisho liliisha vuli iliyopita.

Sasa watu wanataka ndoo ishirini Jumatatu.

*

Siku iliyofuata alimwita Lottie, mdogo wake Hester, aliyekuwa akiuza samaki wa chumvi sokoni. Lottie alikuja na kikapu chake na harufu yake, akaketi pasipo kukaribishwa.

"Haya, shemeji. Tangu mazishi hujanialika hata kwa kikombe cha maji ya moto. Unaumwa au unataka kuoa?"

"Nataka macho yako."

"Ya kufanyia nini? Yako umeyachosha kwa kutazama watoto wa watu?"

Wilf akamweleza, akitazama sakafu. Alitegemea atastaajabu. Lottie alichambua mwiba wa samaki uliokwama kwenye mkono wa sweta, akasema, "Nilijua."

"Hester alikwambia?"

"Hester hakusema neno. Lakini ulikuja kwenye harusi yangu umevaa soksi moja nyekundu na moja ya kijani, shemeji, na ulikuwa unatembea kama tausi. Nikasema moyoni, mtu huyu ndiye anayechanganya rangi? Basi mimi ndimi malkia."

Wilf alijikuta anacheka, na kicheko kikamwumiza kifuani kwa kuwa kilikuwa cha zamani.

"Utanisaidia?"

Lottie aliinuka. Alishusha buli, akalipangusa vumbi kwa aproni.

"Macho nitakupa. Uongo sitakupa. Rangi ikishakubali, utawaambia ni nani aliyekuwa akiifanya."

"Nikiwaambia, barua imepotea. Nina miaka sitini na moja, Lottie. Nani ataniajiri?"

"Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba dada yangu amelala makaburini, na wewe unaandikwa kitabuni kwa macho yake."

"Waliomuua ni wao! Wao ndio walioleta ule unga. Daktari wao ndiye..."

"Wao, ndiyo. Daktari wao, ndiyo." Lottie aliliweka buli mezani polepole. "Wao walikuwa hawamjui, Wilf. Wangemjuaje?"

Wilf alilivuta buli karibu naye. Mwisho akasema, "Sawa. Nitasema."

Walifanya kazi siku nne, saa nne hadi saa sita. Safari hii Wilf aliusaga unga mwenyewe, kitambaa kimefungwa puani, dirisha wazi, na meza ile aliifunika kwa turubai. Lottie alishika kijiti na kugomba. "Imezidi udongo. Hiyo nayo imekuwa mashavu ya mlevi. Ongeza nyeupe. Kidogo, we mzee, kidogo! Unapika uji?" Wilf aliongeza, akapunguza, akikoroga kitu ambacho kwake kilibaki kuwa tope tangu mwanzo hadi mwisho. Siku ya nne Lottie alipaka mstari mmoja ubavuni mwa buli, akarudi nyuma hatua mbili. Kisha akajifuta macho kwa mkono wenye chumvi, akatukana kwa sababu chumvi iliwasha.

"Nini?" aliuliza Wilf.

"Siuoni mstari wenyewe. Umezama."

Jumatatu mkokoteni ulikwenda gatini. Quilligan, msimamizi wa wapaka rangi, alichovya kidole kwenye ndoo ya kwanza, akakinyanyua juani. "Mzee Rimmer," alisema, "wakitaka kukuzika waambie wakutoe macho kwanza." Vijana waliokaa kwenye vibao vya kamba, wananing'inia kwenye dohani, wakashangilia. Wilf aliinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Ilikuwa nafasi nzuri ya kusema. Hakusema.

Alijiambia atasema Jumatano. Jumatano alijiambia kazi ya watu haikatizwi. Ijumaa dohani zote tatu zilikuwa zimekwisha, na Wilf akaanza kufikiria, taratibu, namna mtu anavyofikiria jambo asilotaka kulisikia, kwamba Hester mwenyewe asingependa apoteze kazi.

*

Jumamosi, saa sita kasoro, watu walijaa gatini kama zamani. Wengine hawakuwa na msafiri wa kumuaga wala mgeni wa kumpokea. Walikuja kuiaga rangi tu. Halcyon ilisimama juu yao, imeoshwa, bendi inapiga, na dohani tatu zinawaka juani. Mzee mmoja mchochea makaa alikuwa analia bila kuficha.

Mwenyekiti wa kampuni hakuja. Alituma salamu. Kapteni Strang alisimama kwenye jukwaa dogo akazisoma, zikawa ndefu, zimejaa maneno "moyo" na "familia" yaliyoandikwa na watu waliokuwa wamekwisha kugawana viti vya kampuni mpya. Kisha akamwita Wilf. Akamshika mkono, akamkabidhi bahasha, akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye sitaha, "Kampuni zinakuja na kupita, lakini jicho kama hili halinunuliwi."

Watu walipiga makofi. Bi Pargeter alikuwa chini ya jukwaa anaandika. Wilf alitia bahasha mfukoni mwa koti. Akatazama mbele, akamwona Lottie.

 Lottie hakumkodolea hata macho. Alikuwa ametoa buli kwenye kikapu cha samaki, amelishika kwa mikono miwili, amelinyanyua juu ya kichwa chake, sambamba na dohani ya katikati, amefumba jicho moja. Watu wa karibu walianza kucheka.

"Mama, unamimina nini huko juu?"

"Mletee sukari huyo!"

Kisha mmoja akanyamaza, na mwingine, kwa sababu waliona. Buli na dohani vilikuwa kitu kimoja.

"Rimmer," alisema Kapteni Strang kwa chini, akitabasamu kwa ajili ya watu, "yule mwanamke ana nini?"

"Ana buli la mke wangu, Kapteni."

"Mwambie alishushe."

"Hilo ndilo kibao chako cha rangi. Tangu mwaka wa kumi na moja hamjawa na kingine." Sauti ya Wilf ilianza ndogo, kisha ikapata njia. "Rangi ile sikuichanganya mimi. Aliichanganya mke wangu. Miaka kumi na tisa, jikoni kwangu, kwa kutazama buli lile. Na hii iliyoko juu ameipima shemeji yangu pale. Mimi nilikuwa nakoroga tu."

Tabasamu la Strang lilibaki pale pale, lakini nyuma yake hapakuwa na mtu. "Umelewa?"

"Sijanywa. Mimi rangi sizioni."

Kapteni alinyoosha kidole kuelekea mlingoti wa meli. "Bendera ile ina rangi gani?"

Wilf alitazama. Upepo ulikuwa unaichapa. Kila mtu pale aliijua bendera ya Aldersey, hata watoto.

"Sijui, Kapteni. Najua ni bendera."

Hakuna aliyecheka. Strang alivuta pumzi kwa pua. Hakuwa mtu mbaya, Wilf alikuwa tayari kukubali hilo. Alikuwa mtu aliyepewa amri na watu wabaya, naye akazizoea.

"Hatukuwahi kuwa na mke wako kwenye vitabu vyetu," alisema.

"Ndicho ninachokwambia. Alisaga unga wenu wa risasi kwenye meza yangu mpaka mikono ikamlegea, na daktari wenu akasema ni umri. Ninyi mliuleta hadi mlangoni."  Kipande kilichobaki ndicho kilichokuwa kizito. "Kutoka mlangoni hadi mezani niliubeba mimi."

Alitoa bahasha mfukoni, akairudisha mkononi mwa Kapteni kabla haijaombwa. Strang aliipokea, akaikunja mara mbili. "Usingelazimika kuniambia leo," alisema, karibu kwa upole. Akageuka, akawaashiria bendi wapige.

Wilf alishuka jukwaani. Bi Pargeter alikuwa bado ameshika kalamu, lakini alikuwa haandiki. "Jina lake kamili, Bwana Rimmer?"

"Hester. Hester Rimmer. Kabla yangu alikuwa Hester Ledgard."

Akaliandika, akapiga mstari chini yake.

Kamba zikafunguliwa. Halcyon ikapiga honi, hadi vifua vikatikisika, ikaanza kujitoa gatini polepole, kama mtu mzima anayeinuka kitini. Wilf alijipenyeza hadi kwa Lottie.

"Iko sawa?"

"Sawa."

"Kweli kabisa? Na jua limeipiga hivi?"

"Shemeji, nimeshika buli hewani mpaka mabega yamekufa. Nikikwambia sawa, ni sawa."

Wakasimama hadi dohani zilipopotea mtoni. Lottie ndiye aliyemwambia zimepotea. Wilf alikuwa amekwisha kuzipoteza mapema, kwenye moshi.

*

Kitabu kilichelewa, kikatoka Julai. Kilikuwa na picha ya mwenyekiti, ya baba yake na ya babu yake, na bwawa la kuogelea lilipewa kurasa mbili. Ukurasa wa wafanyakazi ulikuwa wa arobaini na moja. Bi Pargeter alikileta kwa mkono wake, macho yake yamevimba kidogo, akasema aliandika aya nzima, ghorofa ya nne wakaifyeka, na yeye mwenyewe ameacha kazi. Wilf alimwambia akae, kitoweo kipo.

Baadaye Lottie alikuja, na Wilf akamsomea kwa kidole, neno baada ya neno, kama anavyosoma: "Rangi mashuhuri ya dohani ilichanganywa na W. Rimmer, akisaidiwa na mkewe."

"Akisaidiwa!" Lottie alipiga meza kwa kofi. "Akisaidiwa! Wewe, uliyekuja na soksi za rangi mbili!"

Walicheka mpaka Wilf akashika ubavu. Kwa miezi ile alikuwa akimsukumia Lottie mkokoteni wa samaki sokoni, na hapakuwa na samaki aliyehitaji kujulikana rangi yake. Halcyon ilikuwa imekwisha kurudi, dohani zake nyeusi kama za wengine.

Wilf alilowesha kalamu ya risasi kwa ulimi, akakata jina lake mwenyewe, kisha yale maneno ya kusaidiwa, akaandika Hester kwa herufi kubwa, zilizopinda, mahali lilipokuwa jina lake. Halafu akainuka, akashusha buli, akalisugua kwa mchanga na maji ya moto mara tatu, mstari wa rangi ukatoka. Akatia majani ya chai.

Lottie alionja, akakunja uso.

"Ina mafuta ya kitani."

"Kunywa," alisema Wilf.